Pedi Ngapi kwa Siku?

Kwetu Tanga msichana akivunja ungo hukabidhiwa kwa somo yake. Wangu alikuwa jirani, mtu wa heshima na mwenye huruma, na aliyonifundisha nayashukuru hadi leo: namna ya kukunja kitambaa, namna ya kujisafisha, namna ya kujitwaharisha damu ikikatika, namna ya kukaa na watu wasinitambue kuwa nipo kwenye siku zangu. Damu ile isionwe na baba, isionwe na kaka, isionwe na mgeni. Kitambaa kikifuliwa kianikwe chini ya khanga ili jicho la mpita njia lisikutane nacho. Mafunzo yote yalikuwa ya kuficha, na niliyashika barabara. Hakuna aliyenifundisha kupima. Sikuwahi kuambiwa kwamba damu ya mwezi ina kiasi chake, kwamba inaweza kuzidi, na kwamba ikizidi huo ni ugonjwa wenye vipimo na wenye dawa.

Msichana asiyejua kiasi hana pa kulinganishia. Nilijua kwamba natokwa na mabonge kama vipande vya maini, nilijua kwamba usiku lazima niamke kubadilisha, nilijua kwamba kiuno kikianza kukata sinyanyuki kitandani. Nisichojua ni kwamba dada zangu hawakuwa hivyo. Tungejuaje? Nyumba nzima ya wanawake, kila mmoja anafua chake alfajiri kabla wengine hawajaamka, na hakuna anayemuuliza mwenzake anatokwa na kiasi gani. Maumivu yalisemwa kidogo, kwa sababu hayafichiki. Hayo yaliitwa chango, na kwa chango kila mtu alikuwa na dawa yake: mizizi ya kuchemsha, unga wa kuramba, chupa ya maji ya moto chini ya kitovu. Chupa ya maji ya moto naitetea mpaka leo, maana joto hulegeza misuli ya mji wa mimba na madaktari nao huishauri. Mizizi ilinitapisha.

Neno la mwisho la kila mkubwa lilikuwa moja: "Vumilia mwanangu, ukizaa yatakwisha."

Nimelifikiria sana neno hili. Wapo wanawake ambao kweli maumivu yao yalipungua baada ya kuzaa, ndiyo maana limeishi miaka yote hii. Lakini likimfikia binti wa miaka 15 linamwambia kwamba dawa yake iko miaka kumi mbele, tena mikononi mwa mume ambaye hajamwona, na kwamba mpaka hapo hana ruhusa ya kulalamika. Na yule aliyezaa watatu na bado anachuruzika? Huyo huambiwa umri unasogea, asubiri ikatike. Hakuna umri ambao mwanamke huambiwa: nenda hospitali.

Neno jingine lilikuwa baya zaidi, nalo nililisikia hata kwa watu waliosoma: iache itoke, ni damu chafu. Damu ya hedhi haina uchafu. Ni damu ile ile inayozunguka mwilini, imechanganyika na utando uliojengeka ndani ya mji wa mimba kuipokea mimba ambayo haikuja. Ina madini ya chuma yale yale ambayo mwili uliyakusanya kidogo kidogo kutoka kwenye maharage, mchicha, dagaa na nyama. Mwanamke anayepoteza damu nyingi kila mwezi anapoteza chuma kingi kuliko anavyoweza kukila, na akiba ikiisha, mwili hauna cha kutengenezea damu mpya.

Akiba yangu iliisha nikiwa mwalimu Dar es Salaam. Nilikuwa nakaa Mbagala, na safari ya asubuhi ndani ya daladala nilikuwa naipangia tangu usiku: pedi mbili kwa pamoja, sketi nyeusi, khanga ndani ya mkoba, na kiti cha nyuma kikipatikana ili nikiinuka niwe wa mwisho. Shuleni nilifundisha nimesimama karibu na ukuta. Wanafunzi walipokuwa wanaandika, niliinama mezani kana kwamba nasahihisha madaftari, kumbe nasubiri kizunguzungu kipite. Ngazi za ghorofa ya kwanza zilinifanya nihemeke, moyo ukadunda hadi masikioni. Nywele zilikatika. Kisha nikaanza kula udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni kwa ajili ya wajawazito, na mchele mbichi, kimya kimya, kwa kiu ambayo sikuwa na maelezo yake. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu ni moja ya dalili za mwili kukosa chuma. Tunawacheka wanawake wanaotafuna udongo. Afadhali tuwashike mkono twende nao wakapime damu.

Isidhaniwe kwamba sikutafuta msaada. Kwenye kituo cha afya nilikokuwa natibiwa nilipimwa malaria, nikapimwa mkojo, nikaambiwa nina UTI, nikapewa dawa za UTI. Mara nyingine nilipewa Panadol na neno la faraja: hiyo ni kawaida ya wanawake. Sitaki kuwalaumu watu waliokuwa na foleni hadi nje ya mlango. Ila naona kilichokosekana. Mimi nilisema "tumbo linauma" na "siku zangu ni nzito", na aliyekaa mbele yangu hakuuliza nzito kiasi gani. Maneno yale hayana namba ndani yake. Mwanamke yeyote anaweza kuyasema, mwenye ugonjwa na asiye nao, na mhudumu aliyechoka huyapitisha.

Aliyenitoa hapo alikuwa mwalimu mwenzangu, mtu wa rika la mama yangu. Asubuhi moja nilimwamkia, "Shikamoo mwalimu," naye badala ya kuitikia akanishika kidevu, akavuta chini kope la jicho langu, akatazama. "Mwanangu, humu ndani kweupe," akasema. "Damu huna. Unaingia mwezini vipi?" Nikamjibu kwa aibu. Hakunipa pole wala dawa. Alikwenda kumwombea ruhusa mwalimu mkuu, tukaondoka pamoja.

Daktari wa magonjwa ya wanawake tuliyempata siku ile alianza na swali ambalo ningepaswa kuulizwa tangu nina miaka 14: pedi ngapi kwa siku? Zinajaa, au unabadilisha kwa usafi tu? Unaamka usiku kubadilisha? Unavaa mbili mbili? Bonge kubwa kabisa linazidi ukubwa wa sarafu? Damu inapita siku saba? Kuna siku unashindwa kwenda kazini? Unatokwa damu puani, au ukipiga mswaki? Mama yako alikuwaje, dada zako? Unatumia dawa gani, na za uzazi wa mpango je? Akataka kipimo cha mimba kabla ya kitu kingine chochote, maana mimba inayoharibika nayo huanza kwa damu na maumivu.

Kisha akanieleza kiasi, kwa kipimo ambacho mtu yeyote wa jikoni anakielewa. Wanawake wengi kwa hedhi nzima, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, hupoteza mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula. Vitabu vya tiba kwa miaka mingi vilisema ikizidi mililita 80 ni nyingi kupita kawaida, kama vijiko vitano na kidogo. Siku hizi madaktari hawasubiri mililita, kwa kuwa hakuna anayekinga damu kwenye kikombe. Ikiwa inamharibia mwanamke maisha yake, kazi yake, usingizi wake, safari zake, basi imezidi na inahitaji kutibiwa. Nilimsikiliza nikashindwa kuzuia machozi. Maumivu nilikwisha kuyazoea. Kilichoniliza ni kusikia kwamba kiasi kipo, na kilikuwapo siku zote.

Majibu ya maabara yakaja: hemoglobini 5.8. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi, na chini ya 8 huhesabiwa kuwa upungufu mkali. Nesi aliyesoma karatasi ile aliniuliza nilifikaje pale kwa miguu yangu. Nikalazwa, nikaongezewa damu, na ndugu zangu wakaombwa waje kuchangia ili akiba ya hospitali isipungue. Kaka yangu alipanda basi la usiku kutoka Tanga. Huyu ndiye niliyefundishwa kwamba asione hata ncha ya kitambaa changu, naye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha benki ya damu akanyoosha mkono. Alipokuja wodini kunijulia hali akauliza, "Dada, ulikuwa unaumwa nini muda wote huu?" Nikamwambia. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama mama anajua, na kama wadogo zetu nao wako hivyo. Hapo nilitambua kwamba tulipowaficha wanaume wetu, tuliwanyima pia nafasi ya kutusaidia.

Utrasaundi ilionyesha vivimbe kwenye kizazi, vile tunavyoviita faibroidi. Vilikuwa kadhaa, na kimoja kilikuwa kimejitokeza ndani ya uwazi wa mji wa mimba. Huyo ndiye mkosaji, daktari alisema. Kinachoamua damu ni mahali uvimbe ulipo kuliko ukubwa wake. Uvimbe mkubwa ulioota upande wa nje unaweza kumfanya mwanamke aonekane mjamzito na hedhi yake isibadilike, wakati mdogo ulioota chini ya utando wa ndani unaweza kummaliza damu. Vivimbe hivi si saratani, na ni nadra sana kuwa na saratani ndani yake. Tena vimeenea: uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba wakifika miaka 50, zaidi ya wanawake 80 kati ya 100 wenye asili ya Afrika huwa wamekuwa navyo, wengi bila kujua. Bibi zetu bila shaka walikuwa navyo. Walipewa majina ya majini, ya husuda, ya mke mwenza.

Dawa nilizoanzishwa hazikuwa za ajabu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ya kwanza ilikuwa ibuprofeni, inywewe na chakula, ianzwe dalili za kwanza zikitokea au hata siku moja kabla, bila kusubiri mpaka niwe nimejikunja. Utando unapobomoka mwili hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huukaza mji wa mimba mpaka ukauma. Ibuprofeni huzuia zisitengenezwe, kwa hiyo ukichelewa kuinywa zimekwisha kutengenezwa tayari. Hupunguza na damu pia. Mwenye vidonda vya tumbo asiinywe bila kumwambia daktari.

Ya pili ni asidi ya traneksamiki, vidonge vya siku zile za damu nyingi tu, ambavyo huzuia damu iliyokwisha kuganda isiyeyushwe upya. Havitibu uvimbe wala havizuii mimba, na mtu aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni hapewi. Nilipotaka kujua dawa hii imetoka wapi, nikakutana na habari za Utako Okamoto, daktari wa Japani, ambaye pamoja na mumewe Shosuke waliitangaza mwaka 1962. Walikuwa wakitafuta kitu cha kuwaokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Mama huyu alifanya kazi maabara na mtoto wake akiwa amembeba mgongoni. Kwa miongo mingi madaktari wa uzazi hawakuijaribu kwa kazi hiyo aliyoikusudia. Jaribio kubwa lililohusisha wanawake wapatao 20,000 katika nchi 21 lilitoa majibu mwaka 2017, likaonyesha kwamba ikitolewa mapema huokoa maisha ya wazazi wanaovuja damu. Utako alikuwa amefariki mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 98. Kila ninapokiona kidonge kile namkumbuka mama yule na mtoto mgongoni.

Ya tatu ilikuwa madini ya chuma. Hapa wengi wetu huachia njiani, kwa kuwa vidonge huleta kichefuchefu, hufunga choo na kukifanya cheusi. Choo cheusi hakina madhara. Chai ndiyo adui, chai ile ile tunayoinywa mara tu baada ya mlo, kwa sababu hukizuia chuma kisiingie mwilini, maziwa vilevile. Machungwa, ndimu na maembe hukisaidia. Na damu ikishafika 12 huachi hapo hapo. Unaendelea kama miezi mitatu hivi ili akiba nayo ijae, la sivyo unarudi ulikotoka.

Kulikuwa na njia nyingine nyingi, na daktari aliziweka mezani zote badala ya kunichagulia. Vidonge vya homoni. Kitanzi chenye homoni, kilichobuniwa Finland, ambacho kwa wanawake wengi hupunguza damu kwa zaidi ya nusu na kwa wengine huikata kabisa, ingawa uvimbe ulioziba ndani ya mji wa mimba unaweza kukifanya kisikae. Kuondoa vivimbe na kubakiza kizazi. Kuondoa kizazi chote. Hilo la mwisho ndilo lililowatisha watu wa nyumbani, na ndilo linalowafanya wanawake wengi wasiende hospitali: wanaamini wakifika watatolewa kizazi. Hakuna anayekutoa kizazi kwa sababu umeuliza swali. Nilikuwa bado natamani mtoto, nikachagua kuondolewa vivimbe. Niliambiwa wazi kwamba vinaweza kuota tena, na kwamba nikishika mimba huenda nikajifungua kwa upasuaji. Mama mkwe wangu, ambaye niliogopa kumweleza, alikuja kukaa nami hadi kidonda kikafunga.

Nataka kusema na juu ya wale ambao utrasaundi yao hutoka safi, maana nimekutana nao wengi tangu nianze kuzungumza haya, na wao hurudi nyumbani wamekata tamaa kuliko waliokutwa na uvimbe. Picha safi haifuti maumivu. Ipo endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na utando wa mji wa mimba huota mahali pengine mwilini, kwenye mirija, kwenye utumbo, nyuma ya kizazi, na mara nyingi utrasaundi ya kawaida haiioni. Maumivu yake huweza kuanza kabla ya damu, huja wakati wa tendo la ndoa au wakati wa haja kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190, karibu mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba mtu huweza kukaa kati ya miaka 4 na 12 kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa wake. Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya aliyependwa kwa sauti yake na kwa reggae, aliishi na maradhi haya tangu usichana wake. Yalifika hadi kifuani, mapafu yakawa yanasinyaa, akatibiwa hadi Marekani. Alifariki Juni 2024. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Alichagua kusema mbele ya kamera, akiwa mgonjwa, na kwa sababu yake kuna mabinti Nairobi, Mombasa na hata huku kwetu wanaolijua jina ambalo mama zao hawakulijua.

Pesa nazo zina sehemu yake. Mimi nilikuwa na bima ya utumishi. Wenye kulipa mfukoni huahirisha utrasaundi mwezi baada ya mwezi. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019 kwa hoja kwamba bei haikuwa imeshuka. Mwanamke mwenye damu nyingi hununua pakiti tatu pale mwenzake anaponunua moja.

Mwaka jana kaka yangu alinipigia simu. "Dada, mtoto ameingia mwezini tena, wiki imepita bado inachuruzika, na pedi anabadilisha kila saa moja au mbili. Nimpeleke wapi?" Binti yake huyo yuko kidato cha pili. Nilimwambia ampeleke siku hiyo hiyo, wasingoje Jumatatu, kwa sababu pedi inayojaa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, pamoja na kizunguzungu, ni jambo la dharura. Kwa msichana mdogo faibroidi ni nadra. Mara nyingi ni homoni ambazo hazijatulia, lakini lazima iulizwe kama damu yake inaganda sawasawa. Mwaka 1926 daktari wa Finland, Erik von Willebrand, aliandika juu ya familia moja ya visiwa vya Åland iliyokuwa na maradhi ya kutokwa damu. Mtoto aliyeletwa kwake, Hjördis, alikuja kufariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina la daktari, na bado unawapata wasichana ambao hakuna anayewauliza kama hutokwa damu puani.

Binti yetu hutokwa damu puani, tangu mdogo, na jino lake lilipong'olewa alivuja usiku kucha. Daktari alimkataza ibuprofeni na aspirini, kwa kuwa huzidisha kutokwa damu kwa mwenye tatizo la kuganda, akampa asidi ya traneksamiki na vidonge vya chuma, akamwandikia rufaa ya vipimo ambavyo havifanyiki kila hospitali. Majibu bado. Barua ya daktari kaka yangu aliipeleka shuleni mwenyewe. Matroni ameisoma, na binti sasa hatoki darasani kwa kuinua mkono na kuomba ruhusa. Anainuka, anachukua mkoba wake, anakwenda.